Coonabarabran: chagua usiku kwanza, mengine utapanga baadae

Hii nawaandikia watu wetu wanaoishi New South Wales, na wale wanaokuja kusalimia watoto au shemeji Sydney wakaishia kuzungushwa Opera House na Bondi mpaka wanachoka. Kuna mji mdogo unaitwa Coonabarabran, upo kaskazini magharibi, kama kilomita 450 kutoka Sydney, wakazi wake ni kama 2,500 tu, barabara kuu moja inaitwa John Street na mnara wa saa katikati, ukipita na gari bila kujua utadhani ni sehemu ya kujaza mafuta na kuendelea na safari, na kweli malori mengi yanafanya hivyo maana Newell Highway inapita hapo hapo kuelekea Queensland. Ila huu mji unajiita makao makuu ya elimu ya nyota Australia, na hawajajipa tu cheo, darubini kubwa kabisa ya kuangalia nyota nchi hiyo ipo mlimani pembeni ya mji.

Watu wengi wanaoenda wanarudi wakisema "pazuri ila kawaida". Ukiwauliza walienda lini, wanakwambia walifika mchana, wakalala mapema, au walienda mwezi mpevu. Sasa hapo ulienda kuangalia nini jamani. Kwa hiyo fuata hatua hizi, na usiruke ya kwanza.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe kwa kutumia mwezi, sio kwa kutumia likizo

Kitu kinachoua nyota ni mwanga wa mwezi. Kama nyumbani mnafuata kalenda ya Kiislamu kazi imeisha, siku za mwisho mwisho za mwezi na zile nne tano za mwanzo ndio zako, tarehe 14 na 15 kaa nyumbani upike pilau. Kama hufuati, weka programu yoyote ya mwezi kwenye simu au andika tu gugo. Mwezi ukiwa nusu ya kwanza unazama karibu na usiku wa manane, kwa hiyo ukikubali kukesha bado unapata giza lako, ukiwa nusu ya mwisho ni kinyume chake, giza unalo jioni alafu unachomoza katikati ya usiku, hiyo ni nzuri zaidi kwa wenye watoto.

Alafu msimu. Kumbuka kule baridi ni Juni mpaka Agosti. Ndio miezi mizuri ya nyota, maana jua linazama saa kumi na moja na robo hivi, ikifika saa moja usiku giza limekamilika, watoto wanaona na wanalala kwa wakati, na katikati ya Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota, inapita juu kabisa ya kichwa. Tatizo ni baridi, usiku inashuka chini ya sifuri, sio baridi ya Lushoto wala ya Limuru, ni ya kukuta kioo cha gari kimeganda asubuhi. Desemba na Januari ni kinyume, mchana joto linaweza kupita 35, na kwa sababu wanasogeza saa mbele jua linazama saa mbili usiku, giza la kweli unalipata karibu saa nne. Mimi nikiulizwa nasema Aprili, Mei au Septemba, unapata vyote kwa kiasi, na Septemba maua ya porini yanakuwa yamechanua.

Epuka likizo za shule kama unaweza, kempu zinajaa mapema sana.

Hatua ya 2: Usafiri

Gari. Kuna treni mpaka Lithgow alafu basi la serikali linaendelea mpaka Coonabarabran, ila ukishafika bila gari umekwama, milima na darubini ni kilomita 25 mpaka 35 nje ya mji na hakuna daladala wala boda ya kukusogeza.

Wageni wenye leseni ya Kenya, Uganda au Tanzania iliyoandikwa Kiingereza wanaruhusiwa kuendesha kwa muda wa matembezi, na upande ni ule ule wa kushoto. Waliozoea kuendesha Kongo, Rwanda au Burundi wajihadhari, kule ni kulia, na mahali pa kujichanganya ni pale unapotoka sheli asubuhi barabara ikiwa tupu huna wa kumfuata. Gari ya kukodi soma mkataba kabla hujasaini, nyingi haziruhusu barabara ya vumbi, na baadhi zinakataa kulipia ukigonga mnyama usiku nje ya mji.

Njia ninayoipenda kutoka Sydney ni ya kupanda Blue Mountains, Lithgow, Mudgee, Gulgong, Dunedoo, alafu unaingia Coonabarabran. Ni saa sita hivi za kuendesha bila haraka. Gulgong simama utembee kidogo, ni mji wa dhahabu wa zamani na majengo yake yalichorwa kwenye noti ya kwanza ya dola kumi ya mwaka 1966. Dunedoo wamechora farasi kwenye maghala makubwa ya nafaka, anaitwa Winx, yule aliyeshinda mbio 33 mfululizo mpaka anastaafu. Dakika kumi zinatosha hapo, piga picha uende.

Panga ufike kabla ya jua kuzama. Hii sio ushauri wa heshima tu, kangaruu wanatoka kula pembezoni mwa barabara jua likizama na alfajiri, na akiruka haruki kukukwepa, anaruka popote. Ukimuona funga breki ukiwa umenyoosha usukani, wanaoumia sana ni wale waliojaribu kumkwepa wakaishia kwenye mti. Na lile lori refu lenye tela mbili usijaribu kulipita kama huoni mbele vizuri.

Hatua ya 3: Anzia visitor centre (ofisi ya wageni)

Ipo kando ya Newell Highway ndani ya mji, huwezi kuikosa. Ingia kwa sababu tatu. Kwanza ramani za karatasi, utazihitaji maana kule milimani netiweki ni ya kubahatisha, laini ya Telstra inajitahidi zaidi ya wengine vijijini lakini hata yenyewe bondeni inakata. Pili unauliza barabara gani imefungwa na kama leo wamepiga marufuku moto. Tatu kuna mifupa ya Diprotodon, mnyama mkubwa kuliko wote wenye mfuko wa kubebea mtoto waliowahi kuishi duniani, ukubwa wake ni kama faru, na huyu alichimbwa upande wa Tambar Springs sio mbali na hapo. Watoto hapo wanaganda.

Ardhi hiyo ni ya Wagamilaraay na majirani zao Wawailwan na Wawiradjuri, wenyeji wa asili, na mambo yao mtayakuta njia nzima kwa hiyo waelezeni watoto mapema.

Kabla hujatoka mjini jaza mafuta, nunua maji na chakula. Jikoni za pub na klabu zinafungwa mapema, ukifika saa tatu usiku unatafuta chakula utakula biskuti. Wanaokula halali wabebe nyama yao kwenye kuli boksi kutoka Sydney, usitegemee kuikuta.

Hatua ya 4: Lala wapi

Kuna moteli nyingi mjini, za kawaida, safi, zina hita. Kama una hema nenda Camp Blackman ndani ya hifadhi ya taifa ya Warrumbungle, kule milimani nje ya mji, ina bafu na vyoo, na ukitoka tu nje ya hema upo kwenye giza ulilolifuata. Lazima ubuki mtandaoni kwenye tovuti ya hifadhi za taifa za New South Wales kabla hujaenda, sio ufike uanze kubembeleza. Kuni hairuhusiwi kuokota porini, kwa hiyo beba zako au pikia mtungi mdogo wa gesi, ukitaka kuchoma mishkaki angalia kwanza siku hiyo moto unaruhusiwa.

Msiwaone wakali kwenye hili la moto. Januari 2013 moto ulipita hapo ukaunguza karibu hifadhi yote na nyumba zaidi ya 50 za watu, ukapanda mpaka kwenye mlima wa darubini ukachoma nyumba ya kulala wanasayansi, darubini zenyewe zikapona. Miti mingine bado ina weusi kwenye gome huku imechipua majani shina zima.

Hatua ya 5: Usiku wenyewe

Hapa ndio kiini, tuliza akili.

Hifadhi ya Warrumbungle mwaka 2016 ilipewa hadhi ya hifadhi ya anga la giza, ya kwanza Australia. Maana yake ni kwamba taa za eneo lote zinadhibitiwa, hata miji ya jirani inafunika taa zake ziangaze chini. Kwa hiyo na wewe usiwe yule anayekuja na tochi ya kuwindia panya. Macho yanahitaji nusu saa gizani ndio yazoee, na ukiwasha simu sekunde tano tu unaanza upya kuhesabu. Bandika karatasi nyekundu ya nailoni kwenye tochi, simu weka mfukoni, zima taa za ndani ya gari kabla hujafungua mlango. Vaa kama umepandisha Kilimanjaro, soksi mbili, kofia, blanketi la kukalia na chupa ya chai ya tangawizi.

Alafu lala chali. Kweli, laza mkeka, usisimame umekunja shingo.

Kwa macho matupu utaona nini? Msalaba wa Kusini, ambao kutoka Dar au Mombasa tunauona chini chini upande wa kusini, kule unakuwa juu sana. Pembeni yake kuna doa jeusi kwenye Njia Nyeupe, hapo ndio kichwa cha Emu wa Angani wa Wagamilaraay (emu ni ndege mkubwa wa Australia anayefanana na mbuni), yani wao wanasoma pia sehemu za giza, shingo na mwili wa emu vinafuata ule mkanda mweusi kuelekea kwenye kundi la nyota la Nge, na namna anavyokaa angani kwa msimu ilikuwa inawaambia emu wa ardhini sasa hivi wanafanya nini, wametaga au bado. Ukishamuona mara moja huwezi tena kutomuona. Utaona pia viwingu viwili vinavyong'aa kidogo ambavyo havisogei na upepo, hayo ni Mawingu ya Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu, nyumbani ni shida kuyaona kwa sababu yanakuwa chini zaidi, karibu na upeo. Ukienda Novemba mpaka Februari utaikuta Kilimia jioni, ile ile wazee wetu waliyokuwa wanaiangalia kujua mvua na kulima, na Waaborijini wana simulizi zao za kina dada saba juu ya nyota hizo hizo.

Sasa darubini. Sikiliza vizuri maana hapa wengi wanachanganya: ile darubini kubwa ya mlimani haifunguliwi kwa wageni usiku, usiku ni kazi, na hata magari yenye taa hayatakiwi kupanda. Ukitaka kuchungulia usiku kuna vituo binafsi nje ya mji, kimojawapo kipo Timor Road njia ya kwenda hifadhini, wenyewe ni wataalamu wa elimu ya nyota wanaojua kueleza, unabuki na kulipa kwa kichwa. Mimi nasema lipa. Buki usiku wa kwanza, sio wa mwisho, ili kukiwa na mawingu usogezwe kesho yake. Na usitarajie rangi zile za picha za mtandaoni, galaksi kwenye kioo ni kama moshi wa kijivu, lakini ukiona pete za sayari ya Zohali (Saturn) kwa jicho lako mwenyewe, sio kwenye skrini, utapiga kelele, watu wazima wanapiga kelele.

Picha za simu: stendi ndogo, mpangilio wa usiku, taimaa ya sekunde tatu ili mkono usitikise. Bila stendi usijisumbue.

Hatua ya 6: Asubuhi panda mlima, au usipande

Milima ya Warrumbungle ni mabaki ya volkano iliyolipuka zaidi ya miaka milioni 13 iliyopita, ganda la nje limeliwa na mvua na upepo, yakabaki yale mawe magumu yaliyokuwa yameganda kwenye koo na nyufa za volkano. Ndio maana yanasimama kama yalichomekwa. Maarufu zaidi ni Breadknife, ukuta wa jiwe mwembamba wenye urefu kama mita 90 kwenda juu, ni marufuku kuupanda.

Njia ya kuuona kwa karibu inaitwa Breadknife na Grand High Tops, mzunguko wa kilomita 14.5, kwa mtu wa kawaida ni saa tano mpaka sita, na nusu yake ya kwanza ni mwinuko wa kupanda unaokutafuta mapafu. Anza saa moja asubuhi. Maji lita tatu kila mtu, hakuna bomba juu, kofia pana na krimu ya jua hata kama ngozi yako nyeusi, jua la kule halina adabu. Nyoka wapo miezi ya joto, tembea katikati ya njia upige hatua zenye sauti watakupisha wenyewe. Mwambie mtu unatoka saa ngapi na unategemea kurudi saa ngapi. Namba ya dharura ni 000, na pakua programu ya Emergency Plus inayokuonyesha lokesheni yako hata ukiwa huna jina la mahali.

Umeleta mama mkwe? Nenda Whitegum Lookout, ni kilomita moja kwenda na kurudi, njia laini hata kiti cha magurudumu kinapita, na mandhari ya milima yote ipo mbele yenu jua likizama. Kwa wa katikati kuna Fans Horizon, kilomita 3.6 ila ngazi ni nyingi kweli kweli. Kama magoti yanalalamika Whitegum inatosha, hakuna atakayekunyang'anya uraia.

Hatua ya 7: Mchana panda kwenye darubini

Siding Spring, ndio kituo chenye ile darubini kubwa, ipo kwenye mlima wa zaidi ya mita 1,100, ni ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Kubwa lao ni Anglo-Australian Telescope, kioo chake ni mita 3.9, ilizinduliwa 1974, na mchana unaweza kuingia ndani ya jengo ukaiangalia kutoka nyuma ya kioo cha wageni. Angalia saa za kufungua kabla hujapanda maana zinabadilika. Kutoka mlima huu ndio mtaalamu wa nyota Robert McNaught aligundua mwaka 2006 ile nyota mkia ambayo Januari 2007 iling'aa mpaka ikaonekana mchana kweupe. Kila Oktoba kuna wikiendi ya wazi inaitwa StarFest, wanafungua majengo ambayo siku nyingine hayafunguliwi, tarehe hiyo ukiibahatisha ichukue.

Njiani utakuwa umeshaona mabango yenye sayari. Huo ni mfano wa mfumo wa jua uliotandazwa barabarani, kuba la ile darubini lenye kipenyo cha mita 37 ndio Jua, na kila kilomita moja ya barabara ni kilomita milioni 38 angani. Dunia inakuwa kama kilomita nne tu kutoka kwenye kuba, ina sentimita 33 hivi, Mshtarii (Jupiter) ina karibu mita nne, na Pluto ipo mbali huko mpaka Dubbo na Tamworth. Wape watoto hesabu: ukiwa kilomita 100 kwa saa, kwenye mfano huo unakimbia zaidi ya mara tatu ya mwendo wa mwanga. Itawanyamazisha kwenye siti ya nyuma mpaka Gilgandra.

Hatua ya 8: Ukibakiwa na siku

Kaskazini kuna msitu wa Pilliga, mkubwa sana, mkavu, ulipata moto mkubwa Desemba 2023 kwa hiyo uliza kwanza nini kimefunguliwa. Ndani yake kuna Sandstone Caves, mapango ya mawe ya mchanga yenye michoro ya kuchongwa ya Wagamilaraay, kutembea ni chini ya saa moja. Ni mahali pao patakatifu, usiguse michoro, usiandike jina lako. Sculptures in the Scrub karibu na Baradine ni sanamu juu ya korongo, pazuri ila barabara ni ya vumbi, gari ya kukodi rudi kwenye mkataba wako. Na kijiji chenyewe cha Pilliga, mbali kidogo, kina bwawa la maji ya moto yanayotoka ardhini, nyuzi 37, baada ya kupanda Grand High Tops miguu yako itashukuru.

Kama mnarudi kwa njia ya Dubbo, kilomita kama 160 kusini, kuna Taronga Western Plains Zoo, ilifunguliwa 1977, unazunguka kwa gari au baiskeli kilomita sita. Wana twiga, tembo, na mpango wa kuzalisha faru weusi. Mtu aliyekulia Arusha au Nanyuki atacheka kulipa dola kuangalia twiga, lakini hawa watoto wetu waliozaliwa Blacktown kule Sydney ndio twiga wao wa kwanza, ngumu kukataa.

Kurudi Sydney ondoka asubuhi, sio baada ya chakula cha mchana, maana ukichelewa utaingia milimani Lithgow gizani pamoja na msururu wa magari ya Jumapili. Jaza mafuta Coonabarabran au Mudgee, bei za vijijini katikati zinauma.